Maswali na majibu: Majambazi wenye deraya za kioo

Tangu nianze kuandika kuhusu gemu za zamani za kuigiza wahusika, yaani zile ambazo mchezaji humlea mhusika wake kutoka unyonge hadi ushujaa kwa pointi za uzoefu na levo (ngazi za kukua kwake), maswali mengi yanayonifikia kutoka Dodoma mjini na wilaya za jirani yanahusu jambo moja, nalo ni ugumu. Wapo wanaosema gemu ni ngumu mno mwanzoni, na wapo wanaosema adui hukua pamoja nao hata hawaoni faida ya kukua. Leo nayajibu maswali sita.

Msomaji wa Nkuhungu: Ninacheza Oblivion kwenye kompyuta ya mtumba. Nilipokuwa levo ya 3 niliwashinda majambazi wa barabarani bila taabu. Sasa niko levo ya 22, majambazi wale wale wamevaa deraya za kioo, na wananipiga kuliko zamani. Je, nimemharibu mhusika wangu?

Hukumharibu, ndugu yangu, ila umekutana na kasoro ambayo wachezaji wameilalamikia tangu gemu hiyo ilipotoka mwaka 2006. Waliotengeneza Oblivion walitaka mchezaji awe huru kwenda popote tangu siku ya kwanza, na ili asiuawe kila anapogeuka, wakaamua kwamba sehemu kubwa ya maadui, silaha na mali zilizomo mapangoni zitategemea levo ya mchezaji mwenyewe. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake ndiyo hayo uliyoyaona: jambazi anakusimamisha njiani, anakudai sarafu 100, ilhali deraya aliyoivaa ina thamani ya maelfu. Mtu mwenye mali kama hiyo hana sababu ya kukaa porini akisubiri wapita njia, na mchezaji akishaliwaza hilo mara moja, dunia nzima ya gemu inapoteza uzito wake.

Sisi tuliokulia katika ukanda huu wa ukame tunajua kuchota maji: ukiongeza kamba, ndoo hufika. Katika Oblivion, kila unapoongeza kamba, kisima nacho huongezeka kina.

Lakini swali lako lina sehemu ya pili, maana si wote wanaofikia levo ya 22 wakiwa dhaifu. Levo hupanda baada ya stadi zako kuu saba kuongezeka jumla ya mara 10, kisha ukalala. Gemu haiulizi ni stadi zipi. Ikiwa uliweka miongoni mwa stadi kuu kuruka, kukimbia au kupatana bei sokoni, basi umekuwa ukipanda levo kwa kurukaruka na kufanya biashara, wakati maadui wanapanda kwa upanga. Tena, kila unapopanda, nyongeza ya sifa kama nguvu au ustahimilivu hutegemea ni mara ngapi ulizikuza stadi za sifa hiyo ndani ya levo hiyo: aliyezikuza mara 10 hupata nyongeza ya 5, na asiyezigusa kabisa hupata 1 tu. Baada ya levo 20, tofauti kati ya mchezaji aliyejua hesabu hii na asiyeijua ni kubwa mno, na adui hatofautishi kati yenu.

Nakushauri mambo mawili. La kwanza, acha kulala. Usipolala hupandi levo, maadui nao hubaki walipo, wakati stadi zako zinaendelea kukua. Ni dawa ya ajabu lakini inafanya kazi. La pili, ukianza upya, kuza ustahimilivu mapema, kwa sababu uhai unaoongezwa kila levo hutokana na ustahimilivu ulionao wakati huo, na levo zilizopita hazirudiwi kuhesabiwa.

Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma: Shikamoo. Nimeanza Baldur's Gate, ile ya mwaka 1998, nikiwa mchawi. Nimeuawa mara tisa kabla sijafika mji wowote, mara mbili kati ya hizo na mbwa mwitu. Je, watengenezaji walikosea vipimo?

Marahaba. Mimi pia nilianza na mchawi, nikiwa na CD tano za kuazima, katika chumba chenye umeme wa kukatika kila jioni, kwa hiyo nalielewa vizuri swali lako.

Gemu hii inafuata toleo la pili la kanuni za Dungeons & Dragons, ambazo zilibuniwa kwa ajili ya watu waliokaa mezani na kurusha dadu, na uliyekutana naye hapo si mtengenezaji bali ni dadu. Mchawi wa levo ya 1 ana uhai wa pointi 4, au 6 akiwa na afya njema. Kung'atwa mara mbili kunatosha kummaliza. Mpiganaji wa levo ya 1, asiye na nyongeza yoyote, akimshambulia adui mwenye ulinzi wa kiwango cha 5, anahitaji kupata 15 au zaidi katika dadu ya pande 20. Hizo ni pande 6 kati ya 20, yaani asilimia 30. Akifika levo ya 7 anahitaji 9 tu, na nafasi yake inakuwa asilimia 60.

Sasa litazame hili kwa makini, kwani ndilo kiini cha ugumu wa gemu za namna hii. Kutoka levo ya 1 hadi ya 2, uhai wako unakaribia kuongezeka maradufu. Kutoka levo ya 7 hadi ya 8, unaongezeka kwa sehemu moja ya saba hivi. Ndiyo maana sehemu ngumu kuliko zote si ile yenye joka au bosi wa mwisho, bali ni saa tatu za mwanzo, ambapo bahati mbaya ya dadu moja haina kitu cha kuizuia. Mtu aliyezoea gemu za siku hizi, ambazo huanza kwa kubembeleza na kumalizia kwa ukali, hudhani kuna hitilafu. Ugumu umepinduliwa tu. Mpiganaji anahitaji pointi 2,000 za uzoefu kufikia levo ya 2, na gemu ile ilipotoka ilikuwa na ukomo wa pointi 89,000, kwa hiyo mpiganaji aliishia levo ya 7. Ukiuvuka mlango ule mwembamba wa mwanzo, sehemu iliyobaki itakupokea kwa wema.

Usisafiri peke yako. Gemu inaruhusu wahusika sita na ilipimwa kwa kundi, si kwa mtu mmoja. Wape wenzako pinde na mishale, adui apunguzwe kabla hajafika. Uchawi wa kulaza adui, ambao wageni huupuuza kwa sababu haujeruhi, ndio silaha kali kuliko zote katika levo hizo, kwa sababu adui mnyonge aliyelala hukosi kumpiga. Na ukifika ile nyumba ya wageni barabarani, kuna mchawi wa kukodiwa anayekusubiri ngazini akuue. Weka wenzako mbele yako na umshambulie kwa mishale kabla hajamaliza kusoma uchawi wake, maana akiumizwa wakati anasoma, uchawi huo unapotea.

Msomaji wa Manyoni: Je, ni halali kuzunguka sehemu moja nikiua adui dhaifu ili nikusanye pointi, au ni kuiba?

Ni halali, na ni desturi ya kale. Katika Wizardry ya mwaka 1981, wachezaji waligundua katika ghorofa ya kwanza ya shimo chumba chenye mizimu iitwayo Murphy, isiyoumiza sana lakini inayotoa pointi nyingi, wakawa wanarudi hapo kila siku. Hawakuwa wavivu. Katika gemu ile, mhusika akifa, kifo kiliandikwa kwenye diski. Ukimpeleka hekaluni afufuliwe na jaribio likishindikana anakuwa majivu, na likishindikana tena anapotea moja kwa moja. Anayeweza kupoteza kazi ya wiki nzima ana haki ya kujiandaa. Ila angalia kwamba njia hii ina maana pale tu ambapo adui hakui pamoja nawe. Ndani ya Oblivion, kuzunguka hivyo ni kujichimbia kisima kirefu zaidi.

Mtumishi aliyehamia Ihumwa: Nina saa moja tu ya kucheza Oblivion usiku, watoto wakishalala. Je, kushusha kiwango cha ugumu ni aibu?

Hakuna aibu yoyote. Jua tu unachokishusha. Kile kipimo cha ugumu cha Oblivion hakibadilishi unakutana na nani wala akili ya adui. Kinazidisha na kugawa madhara peke yake, hadi mwisho wake wa juu ambapo unapigwa mara sita na pigo lako linakuwa sehemu moja ya sita. Kwa hiyo adui hawi hodari zaidi, anakuwa mzito tu kufa. Shusha kipimo hicho bila kusita, saa yako moja ni ya thamani.

Msomaji wa Kondoa: Rafiki yangu amenipa Gothic ya mwaka 2001. Niliingia msituni, nikauawa na mnyama kwa pigo moja. Nitajuaje mahali panaponizidi, ikiwa gemu haionyeshi?

Inaonyesha, isipokuwa haiandiki kwa maneno. Katika Gothic adui hakui nawe kamwe. Mnyama wa msituni yuko vile alivyo siku ya kwanza na siku ya mwisho. Kwa kuwa dunia yake imetulia hivyo, watengenezaji waliweza kuipa ishara zinazoaminika. Wanyama wengi hukutisha kwanza kwa kunguruma kabla ya kushambulia, na ukirudi nyuma wanakuacha. Watu wa kambini wanakuambia njia ipi ni salama. Msitu mnene wenye giza una hatari kuliko ukingo wa barabara. Mtoto wa mfugaji hahitaji namba juu ya kichwa cha fisi ili ajue muda wa kurudisha mbuzi zizini, na gemu hii inakudai usikivu wa namna hiyo hiyo. Kumbuka mahali pale ulipofia. Urudi baada ya siku kadhaa, ukiwa na upanga bora na mwalimu aliyekufundisha kuushika, na utaona kwa mkono wako mwenyewe umefika wapi. Sijui furaha nyingine katika gemu inayoizidi hiyo.

Vijana wawili wa Singida: Tunatengeneza gemu yetu ya kuigiza wahusika. Tunabishana: mmoja anataka adui wakue na mchezaji, mwingine anataka kila mahali pawe na adui wake wa kudumu. Yupi yuko sahihi?

Wanangu, swali lenu ndilo nililolisubiri. Nyote wawili mna hoja, na zipo kanuni za zamani zilizopatanisha pande zote mbili.

Chukueni NetHack, ambayo ilianza mwaka 1987. Kila inapochagua adui wa kumweka shimoni, ugumu wa juu kabisa unaoruhusiwa ni kina cha ghorofa ukijumlishwa na levo ya mchezaji, kisha ukagawanywa kwa mbili. Ugumu wa chini ni kina kikigawanywa kwa sita. Mchezaji wa levo ya 4 aliyeko ghorofa ya 10 atakutana na maadui wenye ugumu wa kuanzia 1 hadi 7. Akiwa levo ya 14 mahali pale pale, kikomo kinakuwa 12. Kwa hiyo mahali pana sauti na mchezaji ana sauti, na hakuna anayemnyamazisha mwenzake. Anayekimbilia chini akiwa dhaifu anaadhibiwa kwa kiasi, na aliyekua haoni dunia nzima ikikua kwa haraka aliyokua yeye.

Njia ya pili ni ya mipaka. Watengenezaji wale wale wa Oblivion walijirekebisha katika Fallout 3 ya mwaka 2008 na Skyrim ya mwaka 2011: maeneo mengi yalipewa levo ya chini na ya juu, na pango likishaingiwa mara ya kwanza, levo yake hufungwa hapo. Ukishindwa leo, unaweza kurudi ukiwa na nguvu zaidi na kulikuta lile lile. Kwa gemu ndogo ya watu wawili ningeanza na njia hii, kwa sababu ni rahisi kuiandika na ni rahisi kuipima.

Msikuze adui kwa kumwongezea uhai tu. Adui mwenye uhai wa 40 aliyefanywa kuwa na 400 hajawa mgumu, pambano lake tu limekuwa refu. Afadhali mbadilishe kundi: badala ya majambazi watatu wenye mapanga, wekeni wawili wenye mapanga, mmoja mwenye upinde juu ya jabali, na mganga anayewatibu. Hapo mchezaji atalazimika kufikiri.

Na ombi langu la mwisho kwenu: barabara ya kwanza kabisa ya gemu, ile inayotoka kijijini, isikue hata kidogo. Wale majambazi watatu waliomtoa mchezaji jasho akiwa levo ya 1 wabaki na mapanga yao yenye kutu hadi mwisho, na njama ya gemu imrudishe njia hiyo akiwa levo ya 15. Mkiweza, waandikieni hofu, wamtambue na wakimbie. Mkinitumia gemu hiyo, nitaanzia hapo kuijaribu.