Ufunguo uko chumbani, gari limewashwa nje: mwizi amepitia wapi?

Swali: Gari langu hufunguka nikishika kitasa, ufunguo ukiwa mfukoni, na huwaka kwa kubonyeza kitufe. Nasikia magari ya aina hii huibwa bila ufunguo kuguswa. Aliyeniuzia anasema msimbo wake wa siri hauvunjiki. Nimwamini?

Jibu: Kuhusu msimbo, huenda anasema kweli. Tatizo ni kwamba mwizi huyu hauvunji msimbo, anausafirisha tu.

Ukishika kitasa, gari hutoa mawimbi ya masafa ya chini, mara nyingi karibu kilohezi 125, yanayofika mita moja au mbili. Ufunguo ukiyapata hujibu kwa masafa ya juu, kama megahezi 433, yanayokwenda mbali zaidi. Gari likipata jibu sahihi huamini kuwa ufunguo uko hapo hapo. Basi wezi huja wawili: mmoja husimama na kifaa kando ya gari, mwenzake husogea ukutani karibu na ulipoweka ufunguo, na vifaa vyao vinapokezana mawimbi. Jibu linalorudi ni halali kabisa, limetoka kwenye ufunguo wako mwenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa ETH Zürich, chuo kikuu cha Uswisi, walijaribu mbinu hii kwa magari 10 ya watengenezaji 8, yote yalikubali. Na injini ikishawaka, kwa kawaida haizimiki ufunguo ukiwa mbali, kwa sababu kuzima gari barabarani ni hatari.

Anza na kitabu cha gari: magari mengi huruhusu kuzima huduma ya milango kufunguka yenyewe, ubaki na vitufe vya rimoti. Hiyo ndiyo kinga ninayoipendelea. Kama haiwezekani, tumia mfuko unaozuia mawimbi, lakini usiuamini kwa maneno ya dukani. Tia ufunguo ndani, ufunge, simama mlangoni mwa gari ushike kitasa. Likifunguka, mfuko haufai. Rudia jaribio hilo kila baada ya miezi michache, maana kitambaa cha ndani huchanika kwenye mikunjo. Ufunguo wa akiba nao uuweke kwenye mfuko kama huo. Wengi huusahau kwenye droo. Kufuli la usukani nalo linasaidia, kwa kuwa halijali mawimbi.

Ukinunua gari jingine, uliza kama ufunguo wake unatumia UWB (ultra-wideband), aina ya mawimbi ya redio. Teknolojia hii hupima muda wa mawimbi kwenda na kurudi, ndipo gari lijue ufunguo uko umbali gani. Mawimbi husafiri sentimita 30 hivi kwa kila nanosekunde, na vifaa vya wezi haviwezi kuufupisha muda huo.