Upepo Uliofunika Mazungumzo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu tunatengeneza filamu fupi kwa fedha zetu wenyewe. Kamera tunayo nzuri, lakini mazungumzo tuliyorekodi kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo yamefunikwa na upepo. Je, programu ya kompyuta itayaokoa?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Kwa sehemu tu. Ngurumo ya upepo hupungua mkikata masafa ya sauti yaliyo chini ya hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde), kwa kuwa sauti ya mtu anayezungumza kwa kawaida huwa juu ya hapo. Lakini pale upepo ulipokipiga kipaza sauti hadi sauti ikapasuka, ni heri waigizaji warekodi upya ndani ya chumba kilichotundikwa mablanketi.

Mkirudi Hombolo, kivikeni kipaza sauti kifuniko cha manyoya na kukisogeza karibu na mwigizaji kadiri picha inavyoruhusu, maana mahali pa wazi umbali ukiongezeka maradufu sauti yake hushuka takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), ilhali upepo haushuki. Kisha rekodini upepo wenyewe kwa dakika moja, watu wote wakiwa kimya (kazi ngumu kuliko kuigiza). Mkiutandaza chini ya mazungumzo yaliyorekodiwa chumbani, utaziba viungo baina ya picha, na mtazamaji ataamini kuwa wahusika wako shambani.

Muziki wa mfululizo, unaopendwa mno katika filamu zetu, mimi ningeupunguza: mhusika anapoachwa peke yake, upandisheni upepo huohuo taratibu.