Jibu: Chai iliyoingia kwenye tundu la chaji

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza kama ni salama kuendelea kuchaji laptopu iliyomwagikiwa chai ya maziwa jana usiku, kwa kuwa taa ya chaji bado inawaka. Nakusihi usiichomeke tena. Taa kuwaka hakuthibitishi usalama, kwani chaja nyingi hutoa takribani volti 19 au 20, na umeme huo ukipita kwenye unyevu wenye sukari hula shaba ya tundu kwa kasi kuliko maji yenyewe.

Izime kabisa, na kama betri yake inachomoka, itoe. Kisha mulika tundu kwa tochi ya simu: ukiona ungaunga wa kijani au ncha zilizopiga weusi, kutu imekwisha kuanza. Mimi nilipuuza dalili hiyo hapa Mwanga, nikaridhika kwa kuwa nje palikuwa pakavu. Baada ya wiki mbili plagi ilikuwa ikichemka mkononi.

Kuizika kwenye mchele hakusaidii, maana chai ikikauka huacha utando unaonata, na vumbi la mchele huingia humo humo. Mpelekee fundi aifungue, asafishe tundu na eneo linalolizunguka la bodi, yaani kibao cha saketi kilicho ndani ya laptopu, kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kwa mswaki laini, kisha aiache ikauke. Tundu likiwa limeunganishwa kwa waya, kulibadilisha ni kazi nyepesi. Likiwa limechomelewa kwenye bodi, tafuta fundi mzoefu wa kuchomelea.