Namna ya kuzipima sifa za wapiga gitaa wa bluzi na roki

Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone la Marekani lilitoa orodha ya wapiga gitaa 100 bora wa nyakati zote, na Robert Johnson, mwanabluzi wa Mississippi, akapewa nafasi ya 5. Mwaka 2011 jarida lilelile likatoa orodha mpya, Johnson akaangukia nafasi ya 71. Mtu huyu alifariki Agosti 1938. Kati ya orodha hizo mbili hakuongeza noti hata moja, wala hakukosea hata moja. Eddie Van Halen alikuwa wa 70 mwaka 2003, akawa wa 8 mwaka 2011, kisha wa 4 mwaka 2023. Eric Clapton alitoka nafasi ya 4 akapanda hadi ya 2, halafu akashuka hadi ya 35.

Waliobadilika ni waamuzi. Orodha ya 2003 iliandikwa na mhakiki mmoja, David Fricke. Ya 2011 ilitokana na kura za jopo lililojaa wapiga gitaa wenyewe, na mpiga gitaa humpa kura yule aliyemfundisha mkono. Ya 2023, yenye majina 250, ilipangwa na waandishi na wahariri wa jarida. Kwa hiyo ukikutana na orodha yoyote ya wakali wa gitaa, kabla hujabishana nayo tafuta kwanza nani walipiga kura. Ziweke orodha mbili au tatu za miaka tofauti pembeni ya nyingine, kisha wafuatilie wale waliopanda au kushuka zaidi ya nafasi 30. Hao ndio watakaokufundisha kitu. Jimi Hendrix, ambaye yuko namba moja katika zote tatu, hakufundishi lolote kuhusu jambo hili.

Kazi ya pili ni ya tarehe, na hapa ndipo wasikilizaji wengi wa simu wanapopotea. Programu ya muziki hukuonyesha mwaka wa toleo, haikuonyeshi mwaka wa kurekodi. Nyimbo za Robert Johnson zinaweza kukujia zimeandikwa 1990, kwa sababu mwaka huo ndipo mkusanyiko wake kamili ulipotoka na kuuza nakala zaidi ya milioni moja. Ukweli ni kwamba alirekodi mara mbili tu maishani: San Antonio mnamo Novemba 1936 na Dallas mnamo Juni 1937, nyimbo 29 kwa jumla. Chukua daftari, na mbele ya kila wimbo andika miaka miwili: uliporekodiwa, na uliporudishwa masikioni mwa watu. Kwa Johnson utaandika 1936 au 1937, kisha 1961, mwaka ambao kampuni ya Columbia ilitoa LP, yaani santuri ndefu, yenye nyimbo zake 16. Pengo hilo la takriban robo karne ndilo lililomjengea jina.

Usipoandika miaka hiyo miwili utafanya kosa moja kubwa: utamwita mtu wa kwanza kubuni mtindo fulani kwa sababu tu ndiye uliyemsikia kwanza. Vijana wa Kiingereza waliomsikia Johnson baada ya 1961 walimwona kama chemchemi ya bluzi yote. Chemchemi zilikuwepo kabla yake, na mojawapo ilikuwa bado hai.

Ilikuwa na jina linalofanana na lake. Lonnie Johnson wa New Orleans alianza kurekodi kwa kampuni ya Okeh mwaka 1925. Mwaka 1927 alipiga gitaa na Louis Armstrong, na mwaka 1928 na Duke Ellington. Mwaka 1928 na 1929 alirekodi na Eddie Lang vipande vya magitaa mawili ambavyo hadi leo mpiga solo anaweza kukaa navyo mwezi mzima. Yeye ndiye aliyeonyesha mapema kwamba gitaa linaweza kuimba kwa uzi mmoja, noti baada ya noti, badala ya kubaki nyuma likishika rizimu. B.B. King, nguli wa gitaa la bluzi, alimtaja miongoni mwa walimu wake. Na Robert Johnson naye alimwiga: sikiliza “Malted Milk” ya 1937, kisha sikiliza wimbo wowote wa taratibu wa Lonnie wa miaka ya mwisho ya 1920. Utasikia mwanafunzi na mwalimu.

Sasa angalia hesabu ya umaarufu wao. Wakiwa hai, Lonnie alikuwa nyota na Robert alikuwa mtu wa kuzunguka miji ya Mississippi na Arkansas, mwenye sahani chache sokoni. Mwaka 1948 Lonnie alifika kileleni mwa chati za muziki wa Wamarekani weusi kwa wimbo “Tomorrow Night”. Kufikia 1959 alikuwa mfanyakazi wa usafi katika hoteli moja Philadelphia, na ilibidi mtangazaji wa redio amtafute ndipo arudi studio. Alifariki Toronto mwaka 1970, wakati jina la Robert linazidi kupaa.

Kwa nini? Vijana wa kizungu walioigeukia bluzi miaka ya 1960 walitaka mtu wa shamba, mwenye gitaa kavu, mwenye huzuni na siri. Lonnie alivaa suti, alipiga gitaa la umeme na alizipenda sana nyimbo laini za mapenzi. Alipopanda jukwaani aliwapigia alichokipenda yeye. Robert alikuwa amekufa, hakuweza kumwangusha mtu. Mwanabluzi Big Bill Broonzy aliliona soko hili mapema. Huko Chicago alikuwa amerekodi na bendi zenye piano, ngoma na vyombo vya kupuliza, lakini alipoanza kuzunguka Ulaya mwaka 1951 alijitokeza na gitaa kavu peke yake, kama mkulima wa Mississippi, kwa sababu ndiye waliyemtaka. Simlaumu hata kidogo, ilikuwa riziki yake. Ila usichukue rekodi zake za Ulaya ukadhani ndivyo alivyosikika miaka yote.

Hadithi nazo zipime kwa tarehe. Ile ya kwamba Robert Johnson aliuza roho kwa shetani kwenye njia panda ilisimuliwa kwanza kwa undani kuhusu mwanabluzi mwingine, Tommy Johnson, na msimulizi alikuwa LeDell, ndugu yake Tommy. Baadaye ikahamia kwa Robert. Chukua dakika tatu usikilize maneno ya “Cross Road Blues”: anapiga magoti kumwomba Mungu rehema, anajaribu kusimamisha magari bila kupata, jua linazama na yuko peke yake. Hakuna mkataba na shetani humo. Kwa mtu mweusi, kuachwa barabarani usiku katika Mississippi ya 1936 ilikuwa hofu tosha.

Wimbo huohuo ni chombo kizuri cha mazoezi. Tenga dakika 45 na vaa spika ndogo za masikioni au hedifoni. Mzunguko wa kwanza fuata kidole gumba tu, yaani nyuzi nene. Wa pili fuata nyuzi nyembamba na ule mtelezo wa shingo ya chupa, inayovaliwa kidoleni na kuteleza juu ya nyuzi. Wa tatu sikiliza sauti na gitaa zinavyojibizana, maana mara nyingi gitaa humalizia sentensi ambayo mdomo umeiacha. Kisha weka toleo la Cream, kundi la Clapton, lililorekodiwa San Francisco mwaka 1968. Utagundua Clapton hakunakili kipande cha Johnson. Alichukua wazo moja la rizimu akaligeuza mdundo ulionyooka wa roki, akaongeza ubeti kutoka wimbo mwingine wa Johnson, halafu akajenga solo zake juu yake. Ukilisikia hilo hutasema tena kwamba mmoja “aliiba” wala kwamba mwingine “alipitwa”. Ni kazi mbili tofauti.

Ukitaka kucharaza pamoja na rekodi hizi, usilitune gitaa kwa mashine. Sahani za zamani hazikukatwa wala kuchezwa zote kwa kasi ileile, hivyo sauti huangukia katikati ya funguo mbili. Tuni gitaa lako kwa rekodi yenyewe, kisha tumia kapo, kile kibano kinachobana nyuzi zote shingoni mwa gitaa. Punguza kasi hadi asilimia 70 kwa programu isiyoshusha kimo cha noti. Kama matoleo yapo mawili, chagua lile lenye mkwaruzo. Usafishaji uliozidi huondoa mkwaruzo pamoja na mlio mwembamba wa uzi, ukabaki unasikia gitaa lililofunikwa blanketi, halafu unamhukumu mpigaji kwa kosa la fundi mitambo. Na kumbuka upande mmoja wa sahani ulibeba kama dakika tatu tu. Ufupi wa solo hausemi lolote kuhusu uwezo wa mkono.

Wale “waliogunduliwa upya” wanahitaji uangalifu wa pekee. Mississippi John Hurt alirekodi 1928, akapatikana tena 1963 kwa sababu wimbo wake mmoja ulitaja kijiji chake cha Avalon. Son House alipatikana 1964 Rochester, New York, akiwa hajagusa gitaa kwa miaka mingi, na kijana aliyeitwa Alan Wilson, ambaye baadaye alikuwa na kundi la Canned Heat, alikaa naye kumkumbusha nyimbo zake mwenyewe. Skip James alikutwa hospitalini mwaka huohuo. Kila mmoja wao ana rekodi za ujana na za uzee, na orodha za nyimbo mtandaoni huzichanganya ovyo. Zitenganishe. Hurt alirudi na vidole vyake karibu kama alivyoondoka. Kwa James, rekodi za 1931 zina wepesi ambao hakuupata tena, ingawa sauti yake ya uzeeni ina uzito wa aina yake. Ukimsikiliza Son House wa 1965 pekee utapata picha ya mzee mwenye nguvu ya ajabu, lakini hutajua kilichowashtua wenzake mwaka 1930.

Hakikisha pia jina lililo kwenye jalada ndilo la mkono ulio kwenye nyuzi. Eddie Lang, mzungu wa Philadelphia, aliandikwa “Blind Willie Dunn” kwenye sahani zake na Lonnie. Solo ya “Rock Around the Clock”, iliyorekodiwa Aprili 1954 na kubebwa na jina la Bill Haley, ilipigwa na Danny Cedrone. Alifariki Juni mwaka huohuo, kabla wimbo haujawa namba moja mwaka 1955. Mamilioni ya watu waliujua mkono wake bila kulijua jina lake. Kwa upande wa utunzi, kundi la roki la Led Zeppelin lilishtakiwa mwaka 1985 na mtunzi wa bluzi Willie Dixon kuhusu “Whole Lotta Love”, wakapatana mwaka 1987, na jina lake likaongezwa. Ukiwa na santuri ya zamani ya wimbo huo na toleo la sasa, linganisha mabano ya watunzi.

Rosetta Tharpe ndiye mfano unaonigusa zaidi. Katika orodha za 2003 na 2011 hayumo kabisa. Mwaka 2023 ni wa 6. Alirekodi “Strange Things Happening Every Day” mwaka 1944, injili yenye gitaa la umeme na mwendo ambao miaka kumi baadaye uliitwa rock and roll. Alifariki 1973, na kaburi lake lilikaa miongo mitatu na zaidi bila jiwe lenye jina. Kilichomrudisha kwa watu wengi ni picha za televisheni za Mei 1964, akiwa amevaa koti kwenye kituo cha reli Manchester, mvua imenyesha, gitaa jeupe mkononi. Nafurahi picha hizo zipo. Lakini aliyeanza na kuishia hapo amemwona mwanamke wa miaka 49 kwenye nyimbo chache tu. Anza na 1944, rudi nyuma hadi rekodi zake za 1938, ndipo uje Manchester. Alikuwa mwanamke, alipiga muziki wa kanisa, na wahakiki wa roki walianza hesabu yao 1954. Sababu tatu, na hakuna hata moja inayohusu vidole vyake.

Kuhusu Clapton, fungua kurasa mbili. Moja ni ya mkono: albamu ya 1966 na John Mayall, kiongozi wa bendi ya bluzi ya Uingereza, bado ni darasa la namna ya kuvuta uzi na kuulisha moto wa amplifaya. Nyingine ni ya mwenendo: maneno ya ubaguzi aliyoyasema jukwaani Birmingham Agosti 1976 yalichangia kuzaliwa kwa vuguvugu la Rock Against Racism, yaani roki dhidi ya ubaguzi. Yote mawili yalitokea. Anayetaka kurasa hizo ziwe moja atalazimika kudanganya upande mmoja.

Msomaji wa Kiswahili ana rekodi za kufanyia jaribio hili bila kizuizi cha lugha. Jean Bosco Mwenda alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, Kongo, akiimba “Masanga” kwa Kiswahili na kudonoa gitaa kavu kwa vidole. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, jukwaa lilelile lililomrudisha John Hurt. Andika miaka yake miwili daftarini, tafuta nani alimrekodi na kwa nini, kisha mzunguko wa kwanza fuata kidole gumba tu.