Shangazi Nesi Anajibu: Vali Mpya kwa Mzee wa Miaka 76?

*Shikamoo Shangazi. Baba yetu ana miaka 76. Mpaka mwaka jana alikuwa akipiga baiskeli toka Makorora hadi Deep Sea kununua samaki. Sasa hata msikitini hafiki bila kukaa chini njiani atafute pumzi, na Ramadhani iliyopita alianguka akazimia. Kipimo cha eko, ile picha ya moyo, kimeonyesha vali ya moyo imebana sana, daktari anataka ibadilishwe. Kaka zangu wamekataa. Wanasema mzee keshakula chumvi, kisu cha nini? Na jirani katutia hofu kwamba vali zenyewe ni za nguruwe. Tufanyeje?*
*Binti wa Makorora, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Nianze na la nguruwe, maana najua ndilo linalowakosesha usingizi. Jirani hakusema uongo, ila kasema nusu. Za nguruwe zipo, na zipo zinazoshonwa kwa utando unaofunika moyo wa ng'ombe. Mwambieni daktari mapema mnataka ya ng'ombe, msingoje asubuhi ya upasuaji.

Ya tatu ni ya chuma, kama hii yangu. Niliwekewa India nikiwa na miaka 41, ugonjwa ulioanzia maumivu ya koo ya utotoni. Usiku nyumba ikitulia naisikia, tik tik tik, na mjukuu wangu huja kutega sikio kifuani akahesabu. Haichakai upesi, lakini wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, nameza kila siku mpaka nife, na damu inapimwa kila mara. Hata kisamvu nakila kwa kiasi kile kile kila wiki, nikizidisha, dawa inapungua nguvu. Mzee wa miaka 76 simtakii kazi hiyo. Ya ng'ombe kwa kawaida hudumu miaka 10 hadi 15, na wafarini mara nyingi ni ya miezi mitatu tu, wengine hupewa aspirini peke yake.

Sasa kaka zako. Umewahi kuingia mapango ya Amboni ukaona chokaa ilivyojenga mawe tone kwa tone? Vali ya baba yako imegandiwa namna hiyo, mlango wa kutolea damu moyoni umekuwa tundu. Hakuna kidonge wala mzizi wa kuiyeyusha. Wanadhani wakikataa kisu mzee atazeeka taratibu barazani. Akishaanza kuzimia na kukosa pumzi, bila vali mpya karibu nusu ya wagonjwa wa aina yake hawapiti miaka miwili au mitatu, na miezi ya mwisho hulala wameketi.

Umri peke yake haumzuii. Madaktari wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, watatazama figo, mapafu, mishipa ya moyo, kumbukumbu zake na anavyotembea. Wakiona kifua hakifai kupasuliwa, waulizeni kuhusu vali ya kupitishwa kwenye mshipa wa nyonga, njia iliyoanzia Ufaransa mwaka 2002. Hatari ipo, ikiwemo kiharusi. Wawaambieni ya kwake yeye ni kiasi gani.

Ila mwanangu, nimeisoma barua yako mara mbili. Kaka wamesema, jirani kasema, daktari kasema. Baba je? Muulizeni yeye, tena kaka zako wakiwa wamekaa hapo hapo wasikie.

Akikubali, mpelekeni kwanza kwa daktari wa meno. Jino bovu hupeleka vijidudu kwenye vali mpya, nimeuguza watu wa hivyo. Tafuteni na ndugu wa kuchangia damu. Baada ya upasuaji anaweza kuchanganyikiwa siku mbili tatu, akamwita mtu aliyekufa zamani. Msilie mbele yake. Mwiteni muuguzi, mkae naye, mvalisheni miwani yake, mwambieni leo ni siku gani. Mfupa wa kidari huchukua kama miezi mitatu kuunga, kwa hiyo asibebe ndoo, na ile baiskeli ikalale kwa mmoja wa kaka zako, maana namjua mtu wa Tanga akishapata pumzi.