Hesabuni visiki kwanza

Oktoba 2021, siku chache kabla mvua hazijashika, jirani wa shambani alinipigia simu kuniuliza kama tumeuza shamba. Nikamwambia hatujauza. "Basi njoo uone," akasema, "maana chenso inalia tangu asubuhi."

Shamba ni la marehemu baba, hapa Kigoma, kupita Mwandiga, na michikichi iliyomo aliipanda kwa mikono yake. Nilipanda daladala mpaka Mwandiga, nikamalizia na bodaboda. Nikamkuta kaka yangu mkubwa kasimama katikati ya magogo, kamba mkononi, anawapimia vibarua mashimo. Amepata miche ya tenera, akaniambia, kama vile nimekuja kumpongeza.

Kwa msio wa huku: michikichi ya wazee wetu ni dura, kokwa lake lina ganda nene na nyama ya nje ni kidogo. Tenera ganda lake ni jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi. Tangu mwaka 2018 Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alipolivalia njuga zao hili, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga wakawa wanazalisha mbegu, Kigoma nzima inaota tenera. Kwa hiyo kaka hakukosea kilimo. Alichokosea ni simu moja ambayo hakuipiga. Mawese ya shamba lile ndiyo niliyokuwa nauza soko la Mwanga, na tenera ukiipanda leo unasubiri kama miaka mitatu ndipo uanze kuvuna. Hiyo miaka mitatu watoto wangu wale nini, hakuuliza mtu.

Niliyoyasema siku ile siyaandiki hapa. Miezi saba iliyofuata sikumpa hata salamu ya "mwakeye".

Ikaja Idi, Mei 2022. Sisi ni watu wa Ujiji, na Idi kwetu ni siku ya kuombana radhi. Ukitoka kuswali unapita nyumba kwa nyumba. Mama akatukalisha mkekani, akatushikanisha mikono. "Nisamehe, dada." "Nimekusamehe, kaka, na wewe nisamehe." Mama akalia, tukala pilau, nikarudi nyumbani nimepoa kabisa.

Wiki mbili baadaye chenso ikalia tena. Nilimfuata mbio, na kilichonikata maini ni kwamba alishangaa kweli, hakuwa anaigiza: "Lakini si tulishasameheana?"

Nimelitafakari swali lile kuliko neno lolote nililowahi kuambiwa na ndugu. Yeye pale mkekani alielewa nimeikubali tenera. Mimi nilielewa amekiri kosa. Hakuna aliyelitaja kosa lenyewe kwa jina. Kusamehe jambo ambalo halijatajwa ni kusaini karatasi tupu; mwenzako ataijaza anavyotaka, na wala hatakuwa mwongo. Ndiyo maana siku hizi mtu akinijia na "yaliyopita si ndwele" namuuliza kwanza kama kweli yamepita. Yetu yalikuwa bado yanaangusha miti.

Tukajaribu kuzungumza wenyewe, na hilo tukaliharibu vizuri sana. Yeye yuko shambani juu ya kichuguu anatafuta mtandao, mimi niko sokoni na wateja. Yeye kila sentensi "maendeleo", mimi kila sentensi "haki yangu". Ni maneno mazito yote mawili, lakini hayapimiki kwa dumu wala kwa hatua za miguu, na kitu kisichopimika hakigawiki. Halafu nikahamishia ugomvi kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Huko, mbele ya mashangazi na wakwe, nilimwita mwizi. Shikilia hapo, nitarudi.

Msuluhishi wetu wa kwanza alikuwa baba mdogo. Namheshimu, na kwa mila ndiye mwenye nafasi. Ila kaka ndiye anayempa muhogo na mafuta, na yeye mwenyewe ana jicho na ile sehemu ya bondeni. Kikao alikifungua kwa kunikumbusha kwamba mimi nimeolewa. Nilinyanyuka chai haijapoa. Siku hizi, kabla ya kumwita mtu atupatanishe, najiuliza maswali mawili tu: huyu anapata nini tukipatana? Na anapata nini tukiendelea kugombana? Kama la pili lina jibu nono kuliko la kwanza, namwacha ale pilau na wengine.

Wapo pia wanaokwepa kabisa, wanakusomea ile ya ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Jirani yule aliyenipigia simu hakuchukua jembe, na namshukuru mpaka kesho.

Ndipo nikaenda Baraza la Ardhi la Kijiji. Kwetu kumpeleka ndugu barazani ni kumvua nguo, na kaka alinitumia ujumbe wa kuuliza kama sasa nataka afungwe. Ukweli ni kwamba baraza lile halifungi mtu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 lina wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu, na kazi yake ni kupatanisha. Usiporidhika unaaga unaondoka. Ningelijua hilo mapema nisingepoteza mwaka mzima nikiogopa jengo lenye bati.

Mwenyekiti alianza kwa kutushusha wote. Suala la nani mwenye shamba, akasema, si la kwao. Hilo ni la mirathi, na mirathi inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, mnamteua msimamizi. Baba alifariki 2014. Hakuna aliyewahi kufungua kitu. Tulikuwa tunagombania mali ambayo kwenye karatasi ilikuwa bado ya marehemu.

Halafu mama mmoja mjumbe, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Imekatwa mingapi?"

Nikajibu thelathini. Kaka akajibu nane.

Mama akajifunga kanga. "Twendeni."

Tulitembea mstari kwa mstari, yeye mbele, anagusa kila kisiki kwa fimbo na kutaja namba. Vilikuwa kumi na vinne. Pale kwenye cha mwisho hakuna aliyesema neno. Mimi sikuwa nimepanga kudanganya. Thelathini ndiyo niliyokuwa naiona kila usiku nikifumba macho. Na nadhani yeye nane yake aliiamini vilevile. Ila tulipokuwa tunarudi, tulikuwa tunatembea watu wawili wenye namba moja, na toka hapo mazungumzo yakawa mazungumzo.

Nilikuwa na daftari langu la soko, kwa hiyo niliweza kuonyesha nilikuwa napata dumu ngapi kutoka shamba lile kila msimu. Kaka akataka kunilipa fedha. Nikakataa, na hili nalisisitiza kwa yeyote mwenye ugomvi wa mazao: watu wote wakikamua kwa pamoja bei ya mawese inalala, yakiadimika inapaa, na shilingi mliyokubaliana leo itakuwa ugomvi mpya kesho. Tukaenda kwa dumu. Nne za lita ishirini kila msimu, kwa misimu mitatu, kutoka michikichi iliyobaki. Tenera ikianza kuzaa, mistari miwili naivuna mimi mpaka mirathi iishe. Hakuna mti wa baba unaoguswa bila sisi wawili kujua.

Nilidhani tumemaliza. Kaka akasema naye ana lake moja. Hakutaka dumu wala mstari. Alitaka nirudi kwenye lile grupu, niandike kwamba yeye si mwizi.

Hilo lilinishinda kumeza kuliko yote. Nilianza kutoa sababu, yule mama akanitazama tu. Nikaandika palepale, vidole vinatetemeka, wajumbe wananisubiri. Alisoma, akaifunika simu, akaangalia pembeni.

Makubaliano yakaandikwa nakala mbili, mashahidi wawili kila upande, tukapeleka kwa mtendaji wa kijiji akapiga mhuri. Ingeshindikana, hatua iliyofuata ilikuwa Baraza la Kata. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, kata nayo kwenye ardhi haihukumu tena, inasuluhisha; siku thelathini zikipita bila suluhu unaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ijue ngazi hiyo kabla hujaanza kupanda, maana kila kipandio kina nauli yake na siku zake za kufunga biashara.

Niseme na hili, ingawa si la michikichi. Kama kwenye ugomvi wenu kuna kipigo, au mtu keshashika panga, usikalishwe mkekani na mtu. Nenda polisi, dawati la jinsia na watoto. Mwanamke mmoja ninayemfahamu aliambiwa asamehe mara tatu, na mara zote aliyemwambia alikuwa amekaa mbali na ile fimbo.

Kuhusu msamaha wenyewe, siku ya mhuri sikuusikia. Nilikuwa nimechoka tu na nina njaa. Msimu wa kwanza dumu nne zilifika, nikazipokea kama ninavyopokea mzigo wa mtu yeyote. Msimu wa pili, 2023, kaka alikuja mwenyewe na bodaboda, zimefungwa kwa mpira nyuma. Zilikuwa tatu na nusu. Mkwezi ameumwa, akasema, na akasimama mlangoni anasubiri nianze kufoka. Nilikuwa nakaanga migebuka. Nikamwambia aingie, ugali unaiva.

Alipoondoka niliandika kwenye daftari: kaka, nusu dumu. Hajailipa mpaka leo, na sijaifuta. Kila akipiga simu ananikumbusha mwenyewe kwamba nusu yangu ipo, halafu ananiuliza migebuka soko la Mwanga inauzwaje.