Kaka ni ndugu au ni ami?

SWALI: Mwanangu wa miaka tisa hucheza na watoto wa jirani yetu mwenye duka hapa Tanga, ambao nyumbani kwao huzungumzwa Kigujarati. Watoto wale humwita ndugu ya baba yao "kaka", na mwanangu anashikilia kwamba wanakosea, kwa kuwa kaka ni ndugu, si ami. Je, neno hili tulilichukua kwao, au wao ndio waliolichukua kwetu? Na je, ni sahihi kumwita "kaka" ndugu yangu wa kiume ambaye mimi nimemzidi umri?

JIBU: Watoto wa jirani yako hawakosei, na mwanao naye hakosei. Katika Kigujarati, kaka ni ndugu wa kiume wa baba, yaani yule ambaye sisi humwita ami au baba mdogo, na maana hiyo utaikuta pia katika Kimarathi na Kibengali. Katika Kiswahili, kaka ni ndugu wa kiume, hasa aliyekutangulia kuzaliwa. Kila mmoja wao amelipokea neno kutoka kwa wazee wake kama lilivyo. Suala la nani alimwazima mwenzake ndilo linalotaka mwendo wa polepole, kwa sababu kaka ni miongoni mwa maneno yanayomhadaa upesi mtu anayetafuta asili za maneno.

Tuyatazame kwanza yanayofanana. Huko Shiraz, nchini Iran, kaka ni ndugu wa kiume. Wakurdi nao humwita hivyo kaka mkubwa, na hulitumia neno hilohilo kumtaja kwa heshima mwanamume asiye ndugu yao wa damu. Ukifika Afghanistan, kwa wasemao Kipashto na Kidari, kaka amekwisha kuwa ami, kama alivyo kwa jirani yako. Kwa Wapunjabi amegeuka kabisa: kaka ni mtoto mdogo wa kiume, yule anayebebwa. Nchini Indonesia, kakak ni ndugu mkubwa, awe wa kiume au wa kike. Kwa Wahausa wa Nigeria na Niger, kaka ni babu au bibi. Na Wanyankole wa Uganda, ambao lugha yao ni ndugu na Kiswahili kwa ukoo wa Kibantu, humwita bibi kaaka.

Msomaji wa pwani akiona Shiraz imetajwa, moyo humruka. Tuna simulizi zetu za Washirazi, tuna biashara ya majahazi ya karne nyingi, na tuna maneno ambayo hayana shaka kwamba yalitoka Uajemi, yakiwamo bandari na pamba. Kwa nini basi kaka lisiwe mojawapo? Huenda likawa, na ziko sababu nzuri za kulidhania hivyo, kwani maana ya Shiraz na maana yetu zinakaribiana sana. Hata hivyo, ushahidi wa bandari na ushahidi wa kaka haulingani uzito. Bandari ni neno refu, lina sauti kadhaa zinazofuatana kwa mpangilio wake, na linataja kitu mahususi ambacho watu wa pande zote mbili walikitumia pamoja. Ni vigumu mno lugha mbili zisizojuana zibuni neno kama hilo kila moja kivyake. Kaka ni silabi moja iliyorudiwa mara mbili. Maneno ya namna hiyo huzaliwa popote penye mtoto mchanga.

Jambo hili lilichunguzwa kwa makini katikati ya karne ya 20. Mwanaanthropolojia wa Marekani, George Peter Murdock, alikusanya istilahi 1,072 za baba na mama kutoka katika lugha za sehemu mbalimbali za dunia, na mwanaisimu Roman Jakobson akazitumia katika makala yake ya mwaka 1960 kueleza kwa nini zinafanana hata pale ambapo lugha zenyewe hazina udugu wowote. Maelezo yake, kwa ufupi, ni kwamba mtoto anapoanza kutoa sauti hushika konsonanti chache rahisi pamoja na irabu a, akazirudiarudia, na wakubwa waliomzunguka huzisikia sauti hizo kama jina lao. Mtoto hakukusudia kumwita mtu. Aliyeinama juu yake ndiye aliyeitika. Ndiyo maana katika Kijojia, lugha ya Georgia huko Kaukazi, mama ni baba na deda ndiye mama, wala hakuna Mjojia anayeona ajabu.

Wapenzi wa kandanda wana mfano mwingine, nao unaupendeza moyo wangu kuliko orodha yoyote ya istilahi. Ricardo Izecson dos Santos Leite, Mbrazili aliyetwaa tuzo ya Ballon d'Or mwaka 2007 akiichezea AC Milan, anajulikana ulimwenguni kote kwa jina la Kaká. Jina hilo lilitokana na mdogo wake, Rodrigo, ambaye alipokuwa mtoto alishindwa kutamka "Ricardo" akaishia kusema "Caca". Tazama basi: mtoto wa Brazili alimtazama ndugu yake aliyemtangulia kuzaliwa, akamwita kwa sauti ileile tunayoitumia sisi. Angekuwa mtoto wa Lamu, tungesema amefundishwa na mama yake.

Sasa rudia orodha niliyoitaja juu, uangalie ni nani wanaoitwa kaka: ndugu mkubwa, ami, babu, bibi. Wote ni watu wanaomzidi mtoto umri, wanaoishi naye au jirani naye, na wanaompokea mgongoni au mapajani mama anapokuwa na kazi nyingine. Si baba wala mama, kwani hao wamekwisha kupata sauti zao. Ni wale wa duara la pili. Wapunjabi peke yao ndio waliolirudisha jina kwa mtoto mwenyewe. Kwangu mimi mpangilio huu unasema mengi kuliko kufanana kwa herufi.

Neno yaya linaonyesha jambo hilihilo ndani ya Kiswahili chenyewe. Kwa Mswahili wa Dar es Salaam au Mombasa, yaya ni mtu aliyeajiriwa kulea mtoto. Kwa Mswahili wa Lubumbashi, yaya ni ndugu mkubwa, wa kiume au wa kike, kama ilivyo katika Kilingala. Mtu aliyetoka Kongo akimtambulisha mgeni kwa kusema "huyu ni yaya wangu", mwenyeji wake wa pwani anaweza kudhani ametambulishwa kwa mfanyakazi wa nyumbani. Maana hizi mbili si za mtu mmoja, lakini kazi yao kwa mtoto ni moja, nayo ni kumbeba.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: kaka ya Kigujarati na kaka ya Kiswahili hazihitaji kudaiana. Mawasiliano ya Bahari ya Hindi yangeweza kulipa nguvu na kulieneza neno ambalo watoto wa pwani wangeweza kulipata wenyewe, na kamusi inayoandika "Kiajemi" mbele ya kaka haisemi jambo lisilowezekana. Lakini mimi nisingelihesabu pamoja na bandari na pamba.

Ziko kaka nyingine duniani ambazo hazihusu ukoo hata kidogo. Katika Kisanskriti, kaka ni kunguru, na yeyote aliyewahi kuamshwa alfajiri na kunguru juu ya paa la bati anajua jina hilo limetoka wapi. Kunguru wa Kihindi waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, lakini jina lao la kale halikusafiri nao, kwani kunguru lilikuwa limekwisha kutosha. Kwa Wamaori wa New Zealand, kaka ni aina ya kasuku, na ukiongeza po, yaani usiku, unapata kakapo, kasuku asiyeruka ambaye hutembea usiku. Wahispania hutumia caca wanapomkanya mtoto asiguse uchafu, kwa kuwa kwao ni kinyesi, na asili yake ni kitenzi cha Kilatini. Iliyo karibu nasi kuliko zote hizo ni kaka ya Waskandinavia, ambayo kwa Waswidi hadi leo ni kitafunwa kitamu cha kuokwa. Watu wa kaskazini waliohamia Uingereza katika zama za kati walilipeleka neno hilo, Waingereza wakalitamka kwa namna yao, kisha sisi tukalichukua kwao na kuliandika keki. Hapa asili haina utata, kwa kuwa kila hatua ya safari inaonekana.

Hata ndani ya Kiswahili kaka haiko moja. Kaka la yai ni ganda tupu lililobaki baada ya kilichomo kutolewa, na vivyo hivyo kwa ganda la tunda. Kaka nyingine ni ugonjwa wa kuvimba kidole penye ukucha. Masikioni hazitofautiani, ila upatanisho wa kisarufi huzitenga bila kukosea: "kaka la yai limepasuka", lakini "kaka yangu amefika". Katika sentensi ya pili utaona jambo ambalo wanafunzi hulalamikia sana, kwamba kitenzi kinafuata ngeli ya viumbe hai, amefika, ilhali kimilikishi ni yangu na si wangu. Ndivyo yalivyo majina mengi ya ukoo: kaka yangu amefika, kaka zangu wamefika. Mkato wake pia ni sahihi, kakangu, kakako, kakaye. Magazeti ya Kenya huandika sana kakake, nami sioni sababu ya kulikataa.

Nikija katika swali lako la mwisho, kaka kwa asili hubeba heshima ya umri. Anayeitwa kaka ametangulia, au tunamfanya kama aliyetangulia, ndiyo maana hata shuleni kiongozi wa wavulana ni kaka mkuu, na barabarani unaweza kumwita kaka mtu usiyemjua pasipo kumvunjia hadhi. Ndugu yako wa kiume uliyemzidi umri ni "mdogo wangu", na ukihitaji kubainisha jinsia utasema "mdogo wangu wa kiume". Siku hizi wengi husema "kaka yangu mdogo", nao wanaeleweka, lakini mimi ninalisikia kama neno lililovutwa kufuata lugha za kigeni ambazo haziulizi nani alizaliwa kwanza. Na ikiwa wewe uliyeuliza ni mwanamke, liko neno la Kibantu ambalo wazee wa pwani walilitumia kwa ndugu wa jinsia tofauti na msemaji, nalo ni umbu. Kwako wewe, ndugu yako wa kiume ni umbu lako, na wewe ni umbu lake, awe mkubwa au mdogo. Ningefurahi sana kusikia mwanao akilitumia.